Mkataba Usiojua Msiba

Jumanne, 3 Septemba

Nimefuta kioo cha darubini mara mbili na vumbi bado lipo. Septemba ya Bukiriro ndiyo hii, vumbi na moshi, watu wanachoma nyasi wapate majani mapya ya ng'ombe. Nguzo ya kupimia, ile tunayoipiga leza kuhakiki mtambo, imesomeka vizuri asubuhi. Renatus alikuja zamu na homa, nimemrudisha kwake akalale.

Mkataba wa kuendesha kituo unaisha mwezi ujao. Taasisi ya Dodoma, yenye kituo, haiuongezi, inatangaza zabuni upya. Kampuni iliyotuajiri haikutuambia neno. Tumejua kwa tangazo lililobandikwa getini, na mlinzi ndiye aliyelisoma kwanza. Miaka yote hii tunalea huu mtambo kama mtoto mgonjwa, halafu tunaambiwa na geti.

Mimi sina shamba. Nina mtambo huu tu. Ukiondoka sijui tutakula nini, na sijui binti yangu Neema atamalizaje shule.

Alhamisi, 5 Septemba

Wazabuni wamekuja kukagua. Viatu vipya, miwani ya jua, simu juu juu. Mmoja kaniuliza kama tunapiga picha nyumba za watu. Unaomba kuendesha kituo cha leza na hujui kinafanya nini! Nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la sita mwalimu wao anapowapandisha huku: tunarusha mwanga, unagonga vioo vilivyo kwenye setilaiti, unarudi, tunapima muda wa kwenda na kurudi, tunajua setilaiti iko umbali gani. Ikipita tukaipata, hilo ni pito moja. Kampuni inalipwa kwa mapito. Basi.

Ni mmoja tu aliyeuliza maswali ya maana, Injinia Lwitiko, mtu wa Mbeya. Aliingia mpaka chini ya kuba, akagusa kila kitu kwa heshima. Nilianza kumpenda. Halafu akasema mkataba mpya utakuja na kamera ya kuangalia anga muda wote, ili saa zisizo na mawingu zijulikane. Akacheka, akasema sasa mawingu hayatasingiziwa.

Mimi na Renatus tuliangaliana.

Ijumaa, 6 Septemba

Sijalala vizuri.

Hapa kwetu mtu akifa, majirani hawagusi jembe mpaka azikwe. Wakatoliki tumo, walokole wamo, hakuna anayeuliza kwa nini. Unaacha kazi, unakwenda msibani, unakaa. Na ule mwanga wetu wa kijani unaonekana mpaka kijiji cha pili. Ni kazi, na kila mtu anaiona.

Ilianza kwa Damiani, mume wangu. Alikuwa mlinzi wa getini, akafa kwa tumbo, siku mbili tu. Jioni yake, maiti iko ndani, kituo kikawasha. Mama mkwe akatuma mtu kuuliza kama huko juu hakuna binadamu. Mkuu wa kituo wa wakati ule alikuwa mgeni kutoka mbali, lakini alizima palepale. Akanitumia pole. Tangu hapo kila msiba tunazima mpaka baada ya maziko. Na kwenye taarifa tunaandika sababu: mawingu. Maana sababu zinazoruhusiwa ni mawingu, umeme, ndege kupita, au mtambo kuharibika. Msiba haumo.

Renatus husema huko ulimwenguni wanasayansi lazima wanashangaa, Bukiriro ina mawingu yanayofuata marehemu.

Sasa kamera itaona nyota, na sisi tumeandika mawingu. Uongo wetu umefika mwisho. Sitaki kuuendeleza, kusema kweli, niliuchoka siku nyingi. Nitaomba neno liingie kwenye mkataba. Wazi. Msiba wa jirani, leza inazimwa mpaka maziko. Mstari mmoja tu.

Jumatatu, 16 Septemba

Biharamulo. Kikao cha wazabuni na Taasisi, ukumbi wa nyumba ya wageni, feni haizunguki. Nimeitwa kama msimamizi wa usalama wa leza, nijibu maswali ya kiufundi. Nimejibu. Mwishoni nikanyoosha mkono, nikasema lile langu.

Dada wa ununuzi aliyetoka Dodoma akatabasamu. Tabasamu lile la kumvumilia mtu. Akasema tunaheshimu sana mila, ila mkataba unapimwa kwa vitu vinavyopimika. Nikamwambia maiti inapimika, iko ndani au imezikwa. Watu wakacheka. Sikuwa nachekesha.

Mzabuni mmoja akasema kwa nini wanakijiji wasielimishwe. Waelimishwe! Wewe ukifiwa, jirani yako akaja kutwanga karanga mlangoni kwako, utamwambia nani aelimishwe?

Kwa hasira chakula chao sikukigusa. Nikapita shuleni kwa Neema, nikamkuta amerefuka, akaniuliza kwa nini nimenuna. Nikamwambia ni safari.

Jumatatu, 23 Septemba

Adriano kanipita senta na pikipiki, akapiga honi. Eti ananisalimia.

Huyu ni shemeji yangu, ndugu wa Damiani tumbo moja. Matanga hayajaisha alikaa na wazee wa ukoo akawaambia mimi sina mtoto wa kiume, shamba la migomba lirudi kwao. Nyumba nayo. Nilitoka na magodoro mawili na Neema. Leo nakaa chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli, yeye anakula ndizi nilizopanda mimi. Miaka sita sijakanyaga ule uwanja. Hata mama mkwe simuoni isipokuwa kanisani, namwamkia shikamoo mama, ananiitikia marahaba, basi.

Namchukia Adriano. Naandika hapa kwa sababu kwa padre nilishasema nimesamehe.

Ijumaa, 25 Oktoba

Ameshinda Injinia Lwitiko. Amekuja mwenyewe kutuambia, angalau hilo. Anatubakisha wote. Renatus kamkumbatia mpaka kofia ya mwenzake ikaanguka.

Lakini kuna kipengele. Novemba yote ni majaribio. Mapito yasipofikia kiwango, mkataba unakwenda kwa kampuni iliyoshika nafasi ya pili, na hiyo ina watu wake. Nikamuuliza ni nani anayepima wafanyakazi wa leza kwa mwezi wa mvua. Akasema ndiyo tarehe walizompa. Nikamuuliza na msiba je. Akanijibu taratibu kabisa: "Dada Evodia, niliuliza. Wamekataa. Tuombe watu wasife Novemba."

Alitaka nicheke. Sikucheka.

Jumatano, 6 Novemba

Mawingu. Ya kweli safari hii.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Mapito machache sana, na mengine tumeyapata kwa kuvizia kitobo cha anga kati ya wingu na wingu. Renatus ana jicho zuri, ananiambia sasa, nawasha, tunadaka kidogo, linafunga. Injinia anakunywa chai ya tangawizi birika zima na kutembea. Kamera yake mpya inapiga picha za mawingu tu. Anayeteseka kwa kamera ni yeye mwenyewe.

Mke wa Renatus amejifungua. Mtoto wa kike. Nimempelekea sabuni na sukari.

Jumanne, 19 Novemba

Anga limefunguka! Jana mchana upepo uligeuka. Tumepata mapito mengi kuliko wiki mbili zote. Injinia amepiga mahesabu: anga likibaki hivi mpaka Jumapili tunavuka kiwango. Yaani zinatosha siku hizi hizi.

Mchana nimelala vizuri.

Alhamisi, 21 Novemba, mchana

Adriano amekufa.

Alfajiri, akiwa anafungulia ng'ombe. Kaanguka tu. Kengele ya kigangoni imelia asubuhi, nikauliza ni nani, muuza vitumbua akaniambia bila kuniangalia usoni.

Sikusikia huruma. Nilisikia hasira. Huyu mtu kanitoa kwenye nyumba yangu, kanitoa kwenye shamba langu, na sasa amechagua wiki hii. Mwezi mzima wa mawingu hakufa. Limefunguka anga, amekufa.

Nimepanda kituoni. Wote walikuwa wananingoja mimi. Injinia alikuwa ameshajiandaa kubishana, nimemwona usoni. Nikasema jioni tunafanya kazi kama kawaida. Renatus akadhani hakusikia. Nikarudia. Akaniambia lakini mama Neema, ni msiba wa kwenu. Nikamwambia mimi kule sina kwetu, waulize walionifukuza.

Injinia alitoka nje kupiga simu, nadhani alikuwa anatabasamu.

Nataka huo mwanga utoke. Nataka upite juu ya lile paa la bati nililolinunua mimi na Damiani. Nataka wauone wote walioketi uwanjani. Mungu anisamehe au asinisamehe, ndivyo ninavyojisikia.

Alhamisi, 21 Novemba, jioni

Naandika nikiwa msibani. Kalamu ya kuazima.

Saa kumi nilikuwa napasha mtambo moto. Mlinzi akaniita getini, ana mgeni wangu. Nikashuka. Mama mkwe. Mama Veneranda mwenyewe, ana miaka themanini na ushee, kapanda mlima mzima na fimbo. Amekaa kwenye jiwe, khanga imelowa jasho mgongoni. Kamwacha mtoto wake ndani na kupanda.

Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitikia. Nikangoja anililie, au anitukane, au aniombe. Nilikuwa tayari kwa yote matatu. Nilikuwa na maneno yangu ya miaka sita, nimeyapanga vizuri, nilikuwa nimwage yote hapo getini.

Akasema kwa Kihangaza, naandika kwa Kiswahili kama nilivyozoea:

"Kwa Damiani mlizima. Adriano naye nilimzaa mimi."

Akainuka. Hakusubiri jibu. Akaanza kushuka na ile fimbo yake, anatafuta pa kukanyaga.

Nilibaki nimesimama kama mjinga. Yale maneno yangu yote yalikuwa ya Adriano, na aliyekuja hakuwa Adriano.

Nimerudi ndani nikazima. Nikachomoa ufunguo wa leza, bila huo mtambo hauwaki, na ufunguo wa akiba uko Dodoma. Nikaufunga kwenye pindo la khanga. Injinia akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nakwenda kuzika. Akapiga kelele, mara ya kwanza namsikia. Akasema nimetoka kumwambia mchana kwamba tunafanya kazi! Nikasema ndiyo, nilisema. Renatus aliniangalia vibaya kuliko yule aliyekuwa anapiga kelele.

Nikamkuta mama nusu ya mlima. Nikamshika mkono. Tukashuka.

Uwanja ule ule. Migomba yangu imezeeka, hakuna anayeipunguza. Nilipoingia mmoja akasogea kunipisha, nikapewa kisu, nikaanza kumenya ndizi.

Anga jeupe, nyota zote zipo. Nazijua setilaiti zinazopita. Kila moja nikiiona roho inauma.

Ijumaa, 22 Novemba

Hawaziki leo. Eti wanamngoja mtoto mkubwa wa marehemu, analima tumbaku Nyantakara, simu yake haipatikani, kuna mtu kaenda na pikipiki kumfuata. Adriano hata amelala anaendelea kunichelewesha.

Injinia amekuja msibani. Amevaa shati jeusi, ametoa rambirambi yake, ameketi na wanaume. Nikamheshimu kwa hilo. Halafu akaniomba pembeni, nyuma ya zizi.

Akasema amefikiria. Tufanye mchana. Juani mwanga hauonekani na mtu, hata ukisimama chini yake. Hakuna atakayejua, hakuna atakayeudhika. Mapito ya mchana ni magumu lakini yapo, na Renatus yuko tayari. Anachohitaji ni ufunguo tu.

Na mimi nilikuwa nimeshalifikiria. Usiku mzima nimelifikiria. Ndiyo maana nilikasirika sana kulisikia mdomoni mwake. Nikamwambia anayelima siku ya msiba shamba likiwa bondeni, pasipoonekana, kalima au hakulima? Akasema dada Evodia, mimi sijaja kwa mafumbo, nina watu saba wa kulisha, na wewe ni mmoja wao. Akasema huyu mtu alikunyang'anya kila kitu, Renatus ameniambia. Unampa na hiki?

Nikamwambia simpi Adriano kitu. Nikamwambia kule ndani kuna mama ambaye hajala tangu jana. Akashika kichwa. Akasema kwa sauti ya chini: "Ulichokikosa kwenye mkataba umekichukua bila mkataba."

Kweli. Na imeniuma kwa sababu ni kweli. Nilikwenda Biharamulo kuomba ruhusa mbele za watu, kistaarabu, wakanicheka. Sasa nimeichukua kwa pindo la khanga, na watakaolipa si wale waliocheka. Atalipa Lwitiko, mtu pekee aliyeuliza kwa niaba yangu. Atalipa Renatus na kichanga chake. Nina hasira na dada wa Dodoma, nina hasira na marehemu, nina hasira na huyu kijana wa Nyantakara na simu yake, nina hasira na mimi.

Ufunguo sikumpa.

Jumamosi, 23 Novemba

Kijana wa Nyantakara amefika asubuhi, macho mekundu, viatu vimejaa tope. Adriano amezikwa mchana. Nilitupa udongo na mimi. Sikusema neno moyoni, wala la ubaya wala la wema. Nilitupa tu.

Kaburi lilikuwa halijafunikwa vizuri wingu likaanza kutokea upande wa Burundi. Kubwa, jeusi, pana. Nimelitazama likija. Wenzangu walilia kaburini, mimi nimelilia lile wingu, na watu wakadhani nimemsamehe.

Nikakimbia kituoni na nguo za msibani. Tukawasha. Tukapata pito moja kabla anga halijafunga. Renatus amefanya kazi yake bila kunitazama.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatatu, 2 Desemba

Hatukufikia. Si kwa mengi. Ule usiku wa Alhamisi peke yake ungetosha.

Taasisi imetaka maelezo ya saa zote ambazo kamera inaonyesha anga jeupe na leza imezimwa. Injinia aliniachia niandike mwenyewe. Renatus akanisihi, maneno ya kwanza kuniambia tangu msiba, niandike mtambo ulileta hitilafu. Hitilafu inasamehewa. Nani atajua? Nikakaa na hiyo karatasi muda mrefu.

Nikaandika: msiba wa jirani, leza ilizimwa mpaka maziko, kwa uamuzi wangu. Jina, sahihi.

Mwanzoni nilidhani najisikia vizuri. Haikudumu. Renatus alisoma juu ya bega langu, akasema tangu Damiani tumeandika mawingu hakuna aliyekufa kwa huo uongo, leo ndiyo umepata ukweli, leo nikiwa na mtoto wa wiki tatu. Akatoka. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Ijumaa, 6 Desemba

Jibu la Dodoma. Aya mbili. Sababu iliyotolewa haimo kwenye orodha ya sababu zinazokubalika. Mkataba unahamia kwa mshindi wa pili. Wanatushukuru kwa ushirikiano.

Haimo kwenye orodha. Nilisafiri mpaka Biharamulo kuwaomba waitie kwenye orodha! Nimeichana nakala yangu, halafu nikajiona mpumbavu kwa kuokota vipande.

Injinia Lwitiko ameaga leo. Alinipa mkono. Alisema mama yake amezikwa Mbeya na yeye alikuwa kazini Mtwara, alifika siku ya tatu. Akaingia kwenye gari. Sijui kama ilikuwa kunisamehe au kunisuta. Nimeichukua ilivyo.

Jumatano, 18 Desemba

Makabidhiano. Vijana sita kutoka mbali, wapole, wana haraka. Nimewaonyesha kila kitu, hata ile bawaba ya kuba inayokwama wakati wa mvua. Nimetia sahihi, nikatoa ufunguo.

Wamemchukua mwenyeji mmoja tu. Renatus. Walimuuliza kama atafanya kazi usiku wowote anaopangiwa, akasema ndiyo. Mimi hawakuniuliza. Maelezo yangu ya Novemba yameshawafikia, nadhani.

Niliposhuka nilipita kwake. Mkewe alinipokea, akanipa mtoto nimshike. Renatus alikuwa anachonga mpini wa jembe. Tulikaa. Hakuna aliyeomba radhi. Mtoto ana nywele nyingi.

Jumapili, 5 Januari

Wazee wa ukoo wamekaa kumaliza msiba. Shamba la migomba ni la kijana wa Nyantakara, lote, pamoja na upande wangu. Mama mkwe alisema neno, wakamwambia mama pumzika.

Sikushangaa, lakini nilikasirika kama nimeshangaa. Nimefanya vibarua wiki nzima kwenye mihogo ya watu. Mikono imesahau jembe. Mwenye shamba ananiita mwalimu, sijui kwa nini, labda kwa miwani.

Jumapili, 26 Januari

Amefariki mzee Sabas, fundi cherehani wa senta, kwa uzee tu. Nimekwenda. Wanawake tuko nyuma ya nyumba, ndizi ni nyingi, visu havitoshi, tunapokezana.

Giza lilipoanza kuingia, mwanga ukatoka mlimani. Kijani, mwembamba, umenyooka. Umekaa.

Mikono ilisimama. Halafu macho yakaanza kuja kwangu, moja moja, na ya mjane wa Sabas pia, aliyekuwa ameshikiliwa mlangoni. Waliniangalia kana kwamba ni mimi niliyewasha. Au kana kwamba ni mimi wa kwenda kuzima. Sikuwa na ufunguo.

Naijua ratiba, wanafuata ile ile niliyowaachia mimi. Usiku huu ni wa Renatus. Nimemfikiria huko juu, jicho lake zuri kwenye kioo, mtoto nyumbani. Nimeitafuta hasira yangu juu yake, sikuiona. Kwa wengine ipo, tele.

Mama Veneranda alikuwa kwenye mkeka wake, ameelekea mlimani. Akainuka kwa shida, akaushika mkeka, akaugeuza, akakaa tena mlima ukiwa mgongoni. Halafu akasogea kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja, pale palipobaki wazi.

"Njoo huku, mke wa Damiani."

Nikaenda, nikakaa. Mmoja mmoja wakageuza mikeka yao. Nikapewa kisu, tukaendelea kumenya.